Tangi Lililofaulu Usaili

Ukiitafuta Jamhuri ya Ng'arani kwenye ramani hutaiona, kwa sababu ramani yenyewe iko wizarani inapigwa msasa. Ni nchi safi mno. Kila mwananchi anajua kwamba ni safi kwa kuwa ameambiwa, na anayetaka kuhakikisha kwa macho yake huulizwa kwanza ni kitu gani kilichomshinda kuamini. Nchi hiyo ilikuwa na kiwanda kimoja cha dawa ya kutakasia, ile klorini kali ya kusafishia machinjio, hospitali na sakafu za wakubwa. Kiwanda nacho kilikuwa na mkemia mmoja, Bi Sikudhani, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, hodari wa kazi, na mwoga.

Woga huo hakuzaliwa nao. Aliurithi pamoja na meza. Mkemia aliyemtangulia, Bwana Ndauka, aliandika siku moja kwenye ripoti kwamba tangi la zamani lina kutu. Kesho yake likaja gari, akaambiwa amechaguliwa kwenda semina ya siku tatu. Sasa huu ulikuwa mwaka wa nne. Kila mwezi mkewe hupelekewa cheti cha mahudhurio chenye muhuri, na majirani hufika kumpongeza, naye huwapikia chai huku machozi yakimtoka. Sikudhani alipokalia kile kiti cha Ndauka alikuta bado kina mto wa kufuma, na hakuthubutu kuuegemea.

Basi tangi la zamani likatoboka kabisa, yaani lilistaafu kwa heshima, na Wizara ya Ung'avu ikamwagiza Sikudhani aeleze linahitajika tangi la namna gani. Aliandika maelezo yale wiki nzima, akifuta na kuandika upya. Alieleza kwamba klorini kali hula chuma kama mchwa alavyo mlango, kwa hiyo tangi liwe la plastiki nene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Liwe na tundu la kupumulia kwa juu, maana dawa ile hutoa hewa, na hewa isipopata njia huitafuta. Chini lizungukwe na ukuta mfupi wa kukinga kitakachomwagika. Na mapipa ya tindikali ya kuoshea chupa yawekwe mbali, jengo jingine kabisa, kwa kuwa klorini na tindikali zikikutana hutoa moshi unaounguza mapafu, na aliyeuvuta vya kutosha hahitaji daktari tena.

Alikuwa na sababu ya kuandika kwa uangalifu hivyo. Chini ya mahali litakapokaa tangi hufanya kazi wanawake kumi na wawili wa kufungasha chupa, na mmoja wao ni Mwajabu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kazi ile Mwajabu hakuitafuta. Sikudhani ndiye aliyemwombea.

*

Sasa ni lazima ieleweke kwamba Ng'arani ni nchi ya haki. Sheria yake inasema hakuna mtu wala kitu kitakachoingia katika utumishi wa umma bila kufanyiwa usaili wa ana kwa ana. Sheria ilitungwa ili kukomesha kubebana, na inafuatwa neno kwa neno. Mifagio husailiwa. Viti husailiwa. Mwaka ule fahali wa shamba la taifa alikosa kazi kwa sababu alimtazama mwenyekiti machoni.

Matangi mawili yalifika kwenye usaili saa nne asubuhi, yakapitishwa ukutani, mahali palipobomolewa kwa ajili yao, kisha kila moja likawekewa glasi ya maji. La kwanza lilikuwa la plastiki nene, jeupe, lina tumbo, halina umaridadi wowote. La pili lilikuwa la chuma, limesuguliwa hadi linawaka. Hili lililetwa na shemeji yake Mheshimiwa Kibindo, Waziri wa Ung'avu, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa usaili. Sheria inakataza undugu kati ya msailiwa na mwenyekiti, lakini shemeji alikuwa wa mwenyekiti, si wa tangi, na tangi lenyewe lilithibitishwa kuwa halina ndugu.

“Jitambulishe,” Mheshimiwa Kibindo aliliambia tangi la plastiki.

Tangi likanyamaza.

“Ukipewa nafasi hii, utalifanyia nini taifa?”

Jua lilikuwa limepanda. Mwanga wa dirishani ulilipiga tangi ubavuni, na plastiki, kama ilivyo kawaida yake ikipata joto, ikalia: tok!

Kamati nzima ikashika vifua.

“Linanijibu!” Mheshimiwa alisema, sauti imemkauka. “Hata kuajiriwa bado, linanijibu!”

Bwana Machano, katibu wa kamati na Afisa wa Maneno wa kiwanda, akaandika: Halina nidhamu.

Sikudhani akanyanyuka. “Mheshimiwa, naomba niseme kidogo. Hilo ni joto tu. Ni tabia ya…”

“Bi Mkemia, tangi hili ni jamaa yako?”

“Hapana, Mheshimiwa.”

“Sasa mbona unalitetea?”

Alisikia gari likipita barabarani. Gari lilikuwa la mkaa, lakini yeye hakulijua hilo, na jasho lilimteremka mgongoni mpaka kiunoni. Akaketi.

Tangi la chuma liliulizwa maswali matano na halikujibu hata moja. Mheshimiwa Kibindo alisogea karibu, akainama, akaiona sura yake mwenyewe inamtazama kutoka ubavuni mwa tangi, pana na yenye kung'aa.

“Linasikiliza,” alisema kwa upole. “Halafu hebu tazameni uso. Uso wa uongozi kabisa huu.”

Likafaulu kwa alama zote. La plastiki lilishauriwa lijaribu tena mwakani.

*

Siku iliyofuata Bwana Machano alimletea Sikudhani Hati ya Usalama aitie saini. Machano hakuwahi kupaza sauti maishani mwake. Alikuwa na desturi ya kumpa mtu peremende kabla ya kumwuliza jambo, na pale kiwandani watu waliogopa peremende kuliko bunduki.

“Hili tundu la juu uliloliomba,” alisema, “kamati imeliziba. Tangi la taifa haliwezi kuwa na tundu. Watu watasema kuna kitu kinatoka.”

“Hewa ndiyo inayotoka, Bwana Machano. Isipotoka…”

“Isipotoka itakuwa imebaki nyumbani. Kuna ubaya?” Akafunua ukurasa. “Na hapa umependekeza tindikali itengwe na klorini. Mheshimiwa ameuliza kama wewe ni mbaguzi. Dawa zote ni za taifa moja, Bi Mkemia. Zitakaa pamoja, na ukuta hautajengwa, kwa sababu kuta hugawa.”

“Lakini hizo mbili zikikutana, bwana, moshi wake…”

“Chukua peremende.”

Akaichukua. Akatia saini. Hakuna haja ya kumsitiri katika hili: alitia saini huku akijua, na jina lake likatoka kama la mtu mwingine. Alijiambia kuwa mdomo uliponza kichwa, na kichwa chake alikuwa nacho kimoja. Machano akaukunja waraka, akamshukuru kwa niaba ya taifa, akaondoka akitembea polepole kama kawaida yake.

Jioni Sikudhani alimkuta Mwajabu nyumbani anapiga pasi sare mpya ya njano, yenye picha ya tangi mgongoni.

“Mdogo wangu,” Sikudhani alisema, “ugua.”

“Niugue nini, dada?”

“Chochote. Homa. Tumbo la kuendesha. Ugua mpaka uzinduzi upite.”

Mwajabu alicheka, akageuza mkono wa gauni. “Unataka nifukuzwe? Asiyetokea siku ya uzinduzi anaonekana ana neno moyoni. Halafu niogope nini? Si wewe uliyesaini kwamba ni salama? Wenzangu wote wamenipa hongera. Wanasema kama dada yake Mwajabu kasaini, sisi tunalala usingizi.”

Angeweza kumwambia pale pale. Lakini Mwajabu angewaambia wenzake kumi na mmoja, na kabla ya adhuhuri Machano angekuwa amefungua pakiti ya peremende. Sikudhani akajifanya anatafuta chumvi. Aliona haya, hata chakula kikamshinda.

*

Tangi lilijazwa wiki mbili kabla ya sherehe. Kwanza lilifungwa bamba la shaba lenye jina la Mheshimiwa, kwa sababu Ng'arani mali ya umma isiyo na jina la mkubwa huhesabiwa kuwa imeokotwa. Bamba likawekwa chini kidogo, usawa wa macho ya mgeni aliyeketi. Fundi alitoboa tangi mahali panne, akakaza skrubu nne, na ili zisipitishe dawa akakata vizibo vya mpira kutoka kwenye kandambili yake ya kushoto. Alirudi nyumbani pekupeku mguu mmoja, na akapewa cheti.

Kila asubuhi Sikudhani alikwenda kuliangalia. Siku ya nne aliweka sikio ubavuni, akasikia ndani sauti nyembamba ya kuchemka. Siku ya saba kifuniko kilikuwa kimeanza kuinuka katikati. Siku ya tisa, chini ya skrubu ya kulia, palikuwa na tone moja la rangi ya chungwa.

Kuripoti ilikuwa lazima, ila namna ya kuripoti ndiyo kazi. Pale kiwandani maneno kadhaa yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku: kuvuja, kutu, kupasuka na kukimbia. Orodha ilibandikwa mlangoni, na kando yake yaliandikwa maneno yaliyoruhusiwa. Basi Sikudhani akaandika kwamba tangi limeanza kupata rangi ya uzoefu, kwamba limenawiri sana upande wa juu, na kwamba linatoa salamu kwa wingi unaohitaji hatua za haraka. Aliisoma barua hiyo mara tatu akiomba kwamba mtu mmoja tu huko juu aielewe.

Hatua zilichukuliwa haraka kweli. Kesho yake ilifika barua ya pongezi, na tangi likapandishwa cheo kuwa Tangi Kuu.

Usiku hakulala, na mchana hakukaa. Alikuwa akimwona Mwajabu amepiga magoti chini ya lile bamba, anapanga chupa kwenye maboksi na kuimba, mapipa ya tindikali yako hatua sita nyuma yake, na sakafu yote inateremka kuelekea kwenye mapipa. Pipa la mwisho lilikuwa halina kifuniko, kwa kuwa vifuniko vilichukuliwa kupakwa rangi za sherehe. Sikudhani alihesabu zile hatua sita mara nyingi. Hazikuongezeka.

*

Siku ya uzinduzi wageni mia tatu walipangwa ndani ya jengo, wakubwa mbele kwenye viti vilivyovikwa foronya. Wafungashaji kumi na wawili walisimamishwa mstari mmoja chini ya tangi, ndani ya sare za njano, mikono nyuma, ili wapendeze. Bamba lilifunikwa pazia jekundu. Mheshimiwa Kibindo alisimama na hotuba ya kurasa arobaini.

“Ndugu Wang'arani! Kuna waliosema hatutapata tangi. Wako wapi leo? Kuna waliosema tupate la plastiki. Plastiki! Kitu cha ndoo! Mimi nikasema hapana, kipya kinyemi ingawa kidonda!”

Watu wakapiga makofi.

Sikudhani alikuwa kiti cha pembeni, na Hati ya Usalama mapajani. Kwenye ratiba yeye ndiye aliyefuata: angesimama kuisoma kwa sauti, saini yake na yote. Lakini macho yake yalikuwa kwenye pazia. Chini, upande wa kulia, wekundu wa pazia ulikuwa umeanza kuwa waridi. Kisha ukawa mweupe. Weupe ukapanda polepole kama maji yapandavyo kwenye kitambaa, ukatokea na upande wa kushoto, na hadhira, ikidhani ni ufundi uliogharamiwa, ikashangilia tena. Tangi likatoa mlio wa ndani, mzito. Mheshimiwa akatulia, akatabasamu.

“Mnasikia? Linaitikia!”

Likijibu la plastiki ni utovu wa nidhamu, likijibu la chuma ni uzalendo. Sikudhani hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Alikuwa ameuona mfereji. Ulikuwa mwembamba kama uzi, umetoka chini ya pazia, umepita katikati ya viatu vya Mwajabu, unateremka. Mwajabu alikuwa ametazama mbele kama alivyoagizwa. Uzi ukafika hatua ya pili. Ukafika ya tatu, ukakutana na ufa wa saruji, ukajikusanya hapo kidogo, kisha ukaendelea.

Aliogopa hivi kwamba hakusikia jina lake lilipoitwa mara ya kwanza. Mara ya pili akasimama. Bwana Machano alimkabidhi kipaza sauti, kisha akabaki karibu yake, kalamu mkononi, tayari kwa maneno.

Angesema linavuja, wangemkamata yeye kabla ya kulitazama tangi. Angewaambia wakimbie, wangebaki wameketi kuonyesha utii. Sikudhani hakuwa shujaa, na hata sasa ukimwita hivyo hukasirika. Alikuwa Mng'arani, na alichokijua vizuri kuliko kemia ni Wang'arani wenzake.

“Ndugu wageni waalikwa,” alisema, “kabla sijasoma Hati, nimeombwa nitangaze kwamba pilau iko tayari. Iko uwanja wa juu, kilimani. Ya mbuzi.” Akameza mate. “Na nasikia haitoshi wote.”

Kilimani, kwa kuwa moshi ule ni mzito na hutambaa mabondeni. Hilo pia alilipima, katika ule muda wa kupumua mara moja.

Kwa kuwa kukimbia kulikatazwa, taarifa rasmi inasema wageni waliharakisha. Mheshimiwa Kibindo aliharakisha akiwa mbele, kiatu kimoja mkononi. Watu wazima waliharakisha juu ya viti vya foronya. Bwana Machano aliharakishwa na umati, kalamu imeinuliwa juu. Baada ya dakika moja na nusu jengo lilikuwa tupu.

Lakini halikuwa tupu. Sikudhani aligeuka, akauona mstari wa njano pale pale chini ya tangi, mikono nyuma.

“Mwajabu! Tokeni!”

“Umesema wageni waalikwa, dada,” Mwajabu alijibu bila kugeuza shingo. “Sisi si wageni. Hiyo pilau si yetu.”

Uzi ulikuwa kwenye mguu wa pipa la mwisho. Pipa lenyewe lilikuwa na kutu chini, nayo tindikali ilikuwa imelowesha sakafu pale. Palianza kufoka povu dogo, na juu ya povu hewa ya kijani iliyopauka. Sikudhani aliisikia harufu ile, na hofu yote ya miaka minne, ya gari, ya peremende, ya kiti cha Ndauka, ikawa ndogo mbele ya hofu hii moja.

“Linavuja!” alipiga kelele. “Jamani, tangi linavuja! Litapasuka! Kimbieni!”

Maneno matatu ya orodha kwa mkupuo mmoja. Wanawake waliduwaa, maana walikuwa hawajayasikia siku nyingi, halafu wakayatambua wote pamoja. Wakakimbia, nao walikimbia hasa, gauni zimeshikwa juu ya magoti, Sikudhani nyuma yao akiwasukuma, kitambaa kinywani, macho yakiwaka kama yametiwa pilipili. Walikuwa nusu ya kilima kifuniko cha tangi kiliporuka. Mlio wake ulisikika hadi mjini.

*

Uwanja wa juu ulikuwa una nyasi na mbuzi mmoja, aliye hai.

“Pilau iko wapi?” Mheshimiwa Kibindo aliuliza. Alikuwa anahema. Nyuma yake, bondeni, wingu la kijani na njano lilikuwa linatoka madirishani mwa kiwanda na kulala chini, lakini hakuna aliyeligeukia kwa kuwa yeye hakuligeukia.

 Sikudhani akapiga magoti nyasini.

“Bi Mkemia,” Bwana Machano alisema kwa upole wake, mkono unaingia mfukoni, “kuahidi chakula kisichokuwepo ni kazi ya serikali. Raia akiifanya, anaingilia madaraka.”

Hapo Mwajabu alijitokeza. Macho yamemvimba, anakohoa, na ncha za viatu vyake zimegeuka nyeupe. Alipiga goti mbele ya Waziri.

“Mheshimiwa, tunakushukuru kwa pilau,” alisema. “Tumeshiba.”

Waziri alimtazama.

“Tumeshiba, Mheshimiwa,” alisema mwenzake wa pili. “Mungu akuzidishie,” alisema wa tatu. Wakasema wote kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, huku wakikohoa. Wageni mia tatu wakaanza kutazamana. Aliyekiri kwamba hajala angekuwa amekiri kwamba kasahauliwa na Mheshimiwa, na kusahauliwa ndiko kuanguka kwenyewe. Basi mkuu mmoja akasema nyama ilikuwa laini. Mwingine akasifu mchele. Mheshimiwa Kibindo alisikiliza, akatoa leso, akajifuta midomo taratibu.

“Niliagiza mwenyewe waongeze iliki,” alisema.

Mkono wa Machano ukatoka mfukoni mtupu.

Sikudhani aliwahesabu wanawake. Kumi na wawili. Akawahesabu tena kwa kidole, kama mtu asiyejua hesabu, akapata kumi na wawili, na hapo tu ndipo alipolia. Mwajabu alikuja akachuchumaa kando yake. Kwa mbali wangeonekana dada wawili wanaofarijiana.

“Ulijua,” Mwajabu alisema.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku niliyosaini.”

Mwajabu alitazama bondeni, mahali alipokuwa amesimama. Alipumua kwa shida, kifua kikilia.

“Pilau yako nimeila leo,” alisema, “kwa kuwa hukutuacha ndani. Lakini siku nyingine, dada, useme linavuja likiwa bado tupu.”

Akainuka, akaenda kukaa na wenzake.